Wewe Mwenye Baisikeli, Watu Wanakuonaje?

Msomaji mpenzi, kama nyumbani kwako iko baisikeli, keti kidogo tuzungumze. Na kama haiko, keti vile vile, maana kila siku wakutana nazo njiani, na pengine umekwisha kurukia majanini mara nyingi kwa kuziogopa. Maneno yangu ya leo yahusu heshima ya baisikeli mbele ya watu: jinsi inavyopotea, na jinsi inavyoweza kurudishwa. Sitasema sana juu ya barabara na serikali, ingawa barabara nzuri twazihitaji. Nitasema juu ya yule aliyekalia kiti na kushika usukani, yaani mimi na wewe.

Nianze na kosa langu mwenyewe, usije ukadhani nakufundisha kama mtu asiye na doa.

KOSA LANGU

Miaka michache iliyopita nilikuwa narudi gulioni jioni. Baisikeli yangu haikuwa na kengele. Waya wa breki ya mbele ulikuwa umekatika, na raba za breki ya nyuma zilikuwa zimekwisha kabisa. Nilikuwa nikisimamisha kwa kandambili, kama tufanyavyo wengi: unakandamiza unyayo juu ya tairi mpaka ikubali kusimama. Nilijua ni vibaya. Kila juma nilisema, "Nitaipeleka kwa fundi," na kila juma fedha zikapata kazi nyingine.

Penye mteremko wa kushukia mtoni alikuwa akitembea bibi mmoja wa kijiji chetu, amejitwika ndoo ya maji. Nilipiga mluzi. Naye, kwa kushtuka, akageukia upande ule ule niliokuwa nataka kupita. Nikabana kandambili, tairi ikateleza mchangani, nikamgonga ubavuni. Ndoo ikapasuka, bibi akaanguka, na mkono wake wa kushoto ukavunjika.

Tulimpeleka hospitali, nikalipa gharama, nikanunua ndoo nyingine. Siku ya tatu nilimwomba mzee mmoja wa ukoo wetu anisindikize kwenda kuomba radhi, maana jambo kama hilo hukwenda peke yako. Nilipiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe nimekusamehe. Lakini ninyi watu wa baisikeli mtatumaliza."

Angalia sana maneno hayo, msomaji. Msamaha alinipa mimi peke yangu, lakini lawama aliwapa wote wenye baisikeli. Aliwalaumu hata wale ambao hawajamgusa mtu maisha yao yote, hata yule muuza maziwa apitaye mlangoni pake kila alfajiri kwa upole. Samaki mmoja akioza, huoza wote.

Mambo hayakuishia hapo. Jirani yangu ana binti ambaye mwaka ule alichaguliwa kuingia sekondari ya kata. Shule iko mbali, kilomita 7. Mjomba wa mtoto aliahidi kumpa baisikeli yake ya zamani. Baba akakataa. Nilipokwenda kumshauri alinijibu kwa heshima, lakini maneno yake yalinichoma:

"Bwana Karani, wewe ni mtu mzima, umesoma chuo cha ualimu, na umemvunja bibi yetu mkono. Mimi nitampaje mtoto chombo hicho?"

Sikuwa na la kujibu. Binti yule akaanza kidato cha kwanza kwa miguu: kilomita 14 kila siku kwenda na kurudi, karibu saa tatu za kutembea, na kazi za nyumbani zamngoja. Mimi ndiye niliyemnyima baisikeli, wala sikuigusa. Niliinyima kwa sababu ya waya wa breki ambao fundi angeufunga kwa dakika chache.

Tangu siku ile nimefahamu kwamba mtu akipanda baisikeli hajibebi mwenyewe tu. Anabeba na jina la wenzake wote.

WALIOTUTANGULIA

Wala usidhani jambo hili ni la kwetu tu. Baisikeli ilipoanza, Ulaya nako ilichukiwa. Mwaka 1817 Mjerumani aitwaye Karl von Drais alitengeneza chombo cha magurudumu mawili kisichokuwa na pedeli. Mtu alikisukuma kwa kupiga miguu chini. Baadaye, katika miaka ya 1870, yalienea Uingereza yale magurudumu marefu, la mbele kubwa kama kimo cha mtoto na la nyuma dogo kama sufuria. Yalikwenda mbio, tena kimya. Farasi walishtuka, wazee walishtuka, na wenye magari ya farasi walikasirika. Wako waliowapiga mijeledi wapanda baisikeli, na wengine waliwachomekea fimbo katika spoku ili waanguke.

Basi, wapanda baisikeli wale walifanyaje? Wengine waliendelea kukimbia ovyo na kuongeza chuki. Lakini wengine walijiunga pamoja. Mwaka 1878 wakaanzisha chama cha wasafiri wa baisikeli, na chama hicho kikasimamisha vibao vya kuonya juu ya miteremko mikali, ili mgeni ajue hatari iliyo mbele yake. Watu wakaona kwamba hawa nao wana akili na wanajali.

Mwaka 1888 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya serikali za mitaa, na ndani yake kikawekwa kifungu juu ya baisikeli. Kifungu hicho kilisema kwamba baisikeli ihesabiwe kuwa gari kama magari mengine. Kwa hiyo ilipata haki yake barabarani, na wakubwa wa mitaa hawakuweza tena kuifukuza kwa amri zao ndogo ndogo. Lakini kifungu hicho hicho kiliamuru mambo mawili. La kwanza, kuwasha taa tangu saa moja baada ya jua kutua mpaka saa moja kabla ya jua kuchomoza. La pili, kila mara utakapo kumpita mtu, au farasi, au gari, piga kengele au toa sauti ya kumwonya.

Umeona? Haki na wajibu viliandikwa mahali pamoja. Taa na kengele, vitu viwili tunavyoviona vidogo, ndivyo vilivyokuwa kodi ya kupata nafasi barabarani. Nasi leo, zaidi ya miaka 130 baadaye, wengi wetu bado hatujailipa kodi hiyo.

NA WENYE MAGARI JE?

Najua utaniuliza, "Mbona watulaumu sisi? Wenye mabasi na malori ndio watusukumao mitaroni." Ni kweli. Shirika la Afya la Dunia lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu kama milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani, na zaidi ya nusu yao walikuwa waendao kwa miguu, wapanda baisikeli na wapanda pikipiki. Mwenye chuma kikubwa ana wajibu mkubwa. Tena uhai wa mtu hauwi malipo ya tabia njema: hata mpanda baisikeli mkorofi hastahili kusagwa na lori.

Hata hivyo, fikiri jambo hili. Dereva wa lori humwona mwenye baisikeli kama vile sisi tunavyomwona yule bibi mwenye ndoo: mtu wa kusukumwa kando. Tukimlaumu dereva kwa kutupigia honi na kutupita karibu, halafu tukafika mtoni tukamfanyia bibi yale yale, tuna neno gani la kumwambia? Anayetaka kuhesabiwa kuwa mtu na mkubwa wake, na amhesabu mdogo wake kwanza. Sehemu ya dereva iko mikononi mwa dereva na askari wa barabarani. Sehemu yetu iko mikononi mwetu, na haihitaji kungoja mtu.

MAMBO YA KUTENDA

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Nitayataja yale niliyojifunza, mengine kwa fundi wetu chini ya mwembe, mengine kwa aibu yangu.

Kwanza, breki. Baisikeli isiyo na breki isitoke nyumbani. Ukienda mwendo wa kilomita 20 kwa saa, mwendo ambao kijana huufikia bila jasho, unapita zaidi ya mita 5 kwa kila sekunde. Kabla hujasema "Jamani!" umekwisha kumfikia mtu. Tena ukiongeza mwendo mara mbili, nafasi ya kusimamia haizidi mara mbili tu, bali kama mara nne. Na mvua ikinyesha, rimu za chuma zikilowa, breki hushika kwa shida. Basi anza kuibana polepole mapema ili rimu ikauke, wala usingoje mpaka umefika. Kila asubuhi kabla ya kupanda, isukume baisikeli hatua mbili na ubane breki zote mbili. Gurudumu likisimama, panda. Lisiposimama, nenda kwa fundi, au nenda kwa miguu.

Pili, kengele. Wengi hutumia kengele kama fimbo: huipiga wakiwa mgongoni mwa mtu, naye hushtuka akaruka upande mbaya. Kengele ni hodi. Ukifika nyumbani kwa mtu hupigi hodi ukiwa umekwisha kuingia chumbani. Basi ipige ukiwa mbali, hatua 20 au 30, kisha upunguze mwendo umngoje asikie na kuchagua upande wake. Akiisha kukupisha, mwamkie na umshukuru. "Shikamoo, mama. Ahsante." Maneno hayo hayana gharama, lakini mama yule akifika nyumbani hatasema, "Nimekimbizwa na baisikeli." Atasema, "Nimeamkiwa na kijana wa watu." Na kumbuka kwamba wazee wengine hawasikii, na watoto hawafikiri. Kengele haikupi ruhusa ya kupita. Ruhusa huipata mtu akikuona.

Tatu, upande wako wa njia. Tanzania, Kenya na Uganda hupita kushoto; ndugu zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Wengine husema kwamba ni heri kwenda upande wa kukabili magari ili uyaone. Hiyo ni kanuni ya mwenda kwa miguu, si ya baisikeli. Ukienda hivyo kwa baisikeli, mwendo wako na wa gari vyajumlishwa, na dereva hana nafasi ya kukungoja nyuma yako. Tena mkiwa wawili au watatu penye magari, fuataneni mmoja nyuma ya mwenzake. Mazungumzo yatawangoja mpaka mfike. Na ukitaka kukata kuvuka barabara kubwa, nyosha mkono mapema, tazama nyuma, na kama kuna magari, simama kando, shuka, ngoja, kisha sukuma mvuke. Hakuna aibu katika kushuka.

Nne, taa. Motokaa iendayo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akiwa na taa fupi huona mbele yake kama mita 40 au 50 tu. Hesabu mwenyewe: ana sekunde mbili za kukuona na kukukwepa, nawe umevaa koti jeusi. Kama huna fedha ya taa ya dinamo, funga tochi. Nyuma weka kile kioo chekundu kinachong'aa kikimulikwa, na madigadi ya nyuma ipake rangi nyeupe. Usiku vaa shati jeupe. Dereva akuonaye mapema hakasiriki. Dereva akushtukiaye hukutukana, kisha huwatukana wote wa namna yako.

Tano, mizigo. Baisikeli ni punda wetu. Hubeba mkaa, mahindi, maziwa, mgonjwa, hata kitanda. Sisemi tuache, maana nyumba nyingi hula kwa keria ya baisikeli. Nasema tufunge vizuri. Ncha ya kamba isining'inie karibu na spoku. Miti na mabati yasitokeze pembeni yakakwaruza watu. Na gunia likiwa zito hata usukani unayumba, basi hapo chombo kinakuendesha wewe. Kishuke, ukisukume, hasa penye mteremko, kwa kuwa mzigo mzito huongeza nafasi ya kusimamia na breki haziuwezi.

Sita, mahali pa watu. Gulioni, kisimani, uwanja wa shule watoto watokapo, na mbele ya kanisa watu watokapo Misani: mahali hapo pote shuka, usukume. Ni dakika tatu tu za maisha yako. Niliona kwa macho yangu kijana akipita kati ya akina mama waliokaa na nyanya zao, akaonyesha ufundi wake wa kupinda kushoto na kulia. Hakumgusa mtu. Lakini kila mama alinyanyua mtoto wake, na nyuso zao zilisema yote. Mtu hachukiwi kwa kugonga tu. Huchukiwa na kwa kutisha.

Saba, pombe. Mlevi huamini kwamba baisikeli inajua njia ya nyumbani. Kweli, inaijua, ni yeye asiyejua wakati wa kuanguka. Ukinywa, iache kwa mwenyeji wako na uende kwa miguu, au usukume.

DHARAU YA UMASKINI

Hayo yote ni dawa ya chuki na hofu. Lakini baisikeli ina adui wa pili, naye ni dharau. Siku hizi pikipiki zimejaa vijijini, na kijana anayekwenda kwa baisikeli huchekwa: "Wewe bado unakanyaga tu?" Kuna wanaoona haya kumtembelea mchumba kwa baisikeli, huiegesha kwa jirani, wakafika kwa miguu, vumbi mpaka magotini.

Tukumbushane kidogo. Neno lenyewe "bodaboda" lilizaliwa juu ya baisikeli. Katika miaka ya 1960, upande wa Busia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, wenye baisikeli waliwapakia wasafiri keriani na kuwavusha kutoka kituo cha mpaka mmoja mpaka kingine, wakiita "boda, boda", yaani mpakani. Pikipiki zikaja baadaye, zikachukua kazi pamoja na jina. Kwa hiyo wewe mwenye pikipiki unayemcheka mwenye baisikeli, unamcheka aliyekupa jina.

Na huko Uholanzi, nchi tajiri, baisikeli ni nyingi kuliko watu. Mark Rutte, aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo tangu mwaka 2010 hadi 2024, alionekana mara nyingi akienda kazini kwa baisikeli, na wala hakuna aliyedhani kwamba amefilisika. Wengine huko hupanda baisikeli kwa ajili ya afya, na wengine kwa sababu ni njia fupi ya kufika.

Lakini kusema tu hakutoshi. Dharau huondolewa kwa kuonyesha. Mwenye baisikeli chafu, mnyororo umekauka unalia kama panya, kiti kimefungwa kwa nailoni, yeye mwenyewe huwaambia watu kwamba chombo chake hakina thamani. Ioshe siku ya Jumamosi. Utie mnyororo mafuta kidogo, kisha uufute, maana mafuta mengi hukusanya mchanga. Kaza nati. Itunze kama mkulima mwema anavyotunza jembe lake. Tena uwe na hati ya kununulia. Ukinunua baisikeli ya zamani, andikishaneni mbele ya balozi au mwenyekiti wa kitongoji, ili isisemwe kwamba wenye baisikeli hununua vya wizi.

Na zaidi ya yote, iwe chombo cha msaada. Mgonjwa wa jirani akihitaji dawa usiku, mwenye baisikeli awe wa kwanza kuitwa na wa kwanza kuitika. Mama akiwa na debe la unga la kusagisha, lipakie kama unapita njia hiyo. Kijiji kikiona kwamba baisikeli zako ndizo miguu yake, hakitazidharau.

BINTI JUU YA BAISIKELI

Limebaki neno moja, nalo ni zito. Katika vijiji vingi watu husema kwamba msichana juu ya baisikeli hana adabu. Wazazi huona haya, na wavulana hupiga miluzi. Nawauliza wazazi: adabu iko wapi zaidi, binti afike nyumbani jua lingaliko, au atembee kilomita 7 gizani na kuombwa lifti na watu asiowajua?

Hebu tusikie habari za jimbo la Bihar, nchini India. Vijiji vyake ni vya wakulima kama sisi, na huko nako msichana wa baisikeli alitazamwa vibaya. Mwaka 2006 serikali ya jimbo ilianza kuwapa wasichana walioingia darasa la 9 fedha za kununulia baisikeli. Wataalamu wawili, Karthik Muralidharan na Nishith Prakash, walichunguza matokeo. Wakaona kwamba wasichana walioandikishwa sekondari kwa umri unaofaa waliongezeka karibu theluthi moja, na nyongeza ilikuwa kubwa zaidi kwa vijiji vilivyo mbali na shule. Wasichana walikwenda kwa makundi, na jambo lililokuwa la ajabu likawa la kila siku.

Hapo pana fundisho kwetu. Msichana mmoja juu ya baisikeli hutazamwa. Wasichana kumi hupishwa njia. Wazazi wa kitongoji kimoja wakikubaliana, mabinti wao wakafuatana, hakuna atakayepiga mluzi kwa muda mrefu. Na wewe kijana mwenye baisikeli, usiwafukuze wala kushindana nao njiani. Wape nafasi kama dada zako, maana ndio.

Lakini baba na mama watakubali lini? Watakubali siku wakiona kwamba baisikeli ni chombo cha watu wenye akili. Na hilo watalijua kwa kunitazama mimi na wewe. Hawana kitabu kingine cha kusoma.

NILIVYOFANYA

Baada ya ajali ile niliipeleka baisikeli yangu kwa fundi siku ileile niliyoomba radhi. Nilifunga waya mpya, raba mpya za breki mbele na nyuma, na kengele. Kisha nikazungumza na wenzangu wachache tunaokutana chini ya mwembe wa fundi: tukubaliane kwamba penye mteremko wa mto, tangu mti mkubwa mpaka darajani, kila mtu atashuka na kusukuma. Wengine walicheka. Mmoja alisema, "Bwana Karani ameogopa." Nikamjibu, "Ndiyo, nimeogopa." Akanyamaza.

Tulianza watu wanne. Kwa miezi miwili tulikuwa wanne tu, na vijana walitupita wakipiga kelele. Baadaye wauza maziwa wakajiunga, maana nao maziwa yao humwagika mtu akigongwa. Siku hizi wengi hushuka. Si wote, nitakuwa mwongo nikisema wote.

Bibi yule mkono wake umepona, ila haunyooki kama zamani. Hata leo akisikia kengele huingia majanini, hata kama ni yangu. Mimi hushuka mbali, nikasukuma mpaka nimpite. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu, pita." Hofu niliyoitia kwa sekunde mbili sijaweza kuitoa kwa miaka. Nakuambia hivyo ili ujue bei yake kabla hujainunua.

Na jirani yangu? Mwaka jana, mwezi mmoja kabla ya shule kufunguliwa, alikuja barazani kwangu jioni. Tukazungumza habari za mvua, za mahindi, za bei ya mbolea. Alipoinuka kuaga, akasimama karibu na baisikeli yangu, akaipiga kengele mara moja kwa kidole.

"Bwana Karani," akasema, "kengele kama hii umeinunua wapi?"

Sikumwuliza ni ya nani. Kesho yake nilimpeleka kwa fundi.

Basi, msomaji mpenzi, kesho asubuhi utakapoitoa baisikeli yako, isukume hatua mbili ubane breki. Piga kengele usikie kama yalia. Kisha ukimwona mtu wa kwanza njiani, punguza mwendo, mwamkie. Mtu huyo hajui kwamba leo wewe ndiwe uliyewabeba wenye baisikeli wote. Lakini wewe unajua.